Nilimsimulia binti yangu uzazi wa kwenye filamu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, ni fundi cherehani hapa Morogoro, naishi na mume wangu na binti yetu wa miaka 10 aliye darasa la tano. Nakuandikia usiku wakiwa wamelala, kwa sababu mchana nikianza kulifikiria jambo hili mkono unatetemeka, na nguo za watu hazitaki mkono wa kutetemeka.

Binti huyu sikumzaa. Mimba zangu tatu ziliharibika, ya mwisho ikiwa na miezi sita. Baada ya hapo mimi na mume wangu tukaenda ustawi wa jamii kuomba mtoto wa kuasili. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja tu, mtu asijue. Kwa hiyo nilifunga banda langu la ushonaji nikaenda kukaa kwetu Mbeya nusu mwaka, majirani wakaambiwa nimekwenda kujifungulia kwa mama. Tulimchukua mtoto akiwa na miezi mitano. Ilikuwa Aprili, masika yamechachamaa, mume wangu kanunua nepi za mtoto wa mwaka mzima, na mtoto mwenyewe alinishika hereni pale kwenye makao ya watoto akagoma kuiachia mpaka tumefika nyumbani. Mlezi akanipa upande mmoja wa khanga ambao alikutwa ameviringishwa nao nje ya zahanati. Umeandikwa "Wema hauozi". Uko juu ya kabati langu, ndani ya mfuko wa rambo, mpaka leo.

Sasa shida yangu. Familia yetu ni ya filamu. Jumamosi usiku tunatandika mkeka, tunakaanga bisi, tunatazama mpaka usingizi utuchukue. Binti akiwa na miaka sita tulitazama filamu moja ya Kinigeria yenye mama anayeshikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, gari limekwama kwenye tope, umeme umekatika, mtoto anazaliwa kwa mwanga wa taa ya chemli. Akanigeukia: "Mama, na mimi ulilia hivyo?" Nikasema ndiyo, nililia sana. "Na mvua ilikuwepo?" Ilikuwepo. "Na gari lilikwama?" Lilikwama. Shangazi, nilimpa filamu nzima. Tangu siku ile, kila inapofika siku yake ya kuzaliwa anataka nimsimulie upya, na nikiruka kipande ananikumbusha. Mwaka jana aliandika insha shuleni, "Siku Niliyozaliwa", mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Alipokuja kunisomea na mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje.

Toka hapo nimekuwa mlinzi wa televisheni. Ikija filamu ya yatima, au tamthilia ya Kituruki ambayo mtu anapimwa damu hospitalini na kuonekana si wa familia, nasema "Luku inakaribia kuisha" nazima. Mwezi uliopita mume wangu alileta Lion kwenye flashi. Nilijua inahusu nini, nikakimbilia jikoni, nikajichelewesha huko na vyombo. Niliporudi filamu ilikuwa imekwisha na binti kakaa kimya. Akaniuliza: "Mama, huyu Saroo alijua tangu mwanzo kwamba wazazi wake hawakumzaa. Je, ingekuwa hajui?" Nikasema twende tukalale, Luku inaisha. Akaniangalia, akasema, "Mama, umenunua jana."

Mume wangu anasema tumwambie sasa. Mama mkwe anasema nikimwambia namfundisha kunikimbia. Mimi nasema tusubiri amalize shule ya msingi. Nizuie filamu hizi? Nimwambie lini? Na ile hadithi anayoipenda, nikimnyang'anya, nitampa nini badala yake?

Mama wa mmoja, Morogoro.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika pale kwenye hereni niliiweka chini kwanza, na utaona mbele huko kwa nini.

Nikikuelewa vizuri, mtoto wa miaka sita alikuuliza swali dogo, ukamjibu kwa upendo na kwa hofu vyote viwili, na jibu lile limekua pamoja naye. Sasa watu watatu wanaompenda wanavutana juu ya muda, na yeye mwenyewe ameanza kugonga mlango. Umeniuliza maswali matatu. Mimi naona na la nne ambalo hukuliandika, nalo ni kama mwanamke asiye na siku ya uchungu ya kuisimulia anaruhusiwa kujiita mama bila kuazima siku ya mwingine. Naomba nianze na hilo, maana naona ndilo linaloyabeba mengine.

Uzazi wa kwenye filamu, mwanangu, hakuna mwanamke aliyewahi kuupitia vile. Kelele dakika mbili, kisha anainuliwa mtoto msafi, shingo imekaza, macho yanafuata taa. Yule si mtoto wa leo. Kule California, kwenye viwanda vya Hollywood, sheria hairuhusu mtoto wa chini ya siku 15 kupigwa filamu, na akishafika umri huo, mpaka atimize miezi sita, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku. Ndiyo maana watengenezaji wanatafuta mapacha. Mara nyingi mtazamaji anamwona mtoto mmoja, kumbe ni wawili wanaopokezana. Nakwambia haya si kwa kuzidharau filamu, nazipenda mno. Nakwambia kwa sababu naona umejipima na kitu ambacho hata waliozaa watoto saba hawana.

Halafu kuna zile mimba tatu. Umezitaja kwa sentensi moja ukapita. Kwetu mimba ikiharibika hakuna tanga, hakuna mkeka unaotandikwa, watu wanakuambia Mungu atakupa mwingine, na kesho yake unategemewa kuamka ukapike. Ya miezi sita, mwanangu! Kuna mtu yeyote aliyekaa na wewe ukalia? Nauliza kwa sababu inawezekana kabisa kwamba rimoti unayoikimbilia haizimi swali la binti yako peke yake. Huenda inazima pia kile kitanda cha uzazi ambacho wewe ulitoka mikono mitupu. Kama ni hivyo, hiyo ni huzuni yako, inastahili nafasi yake na mtu wa kuisikiliza, mbali na mtoto. Ukichanganya mambo haya mawili, siku ya kuzungumza naye atajikuta anakubembeleza wewe.

Sasa filamu. Unauliza uzizuie. Unaweza, nyumba ni yenu. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe: "Mama, umenunua jana." Mtoto anayejua umeme umenunuliwa lini amekuwa akifuatilia kwa muda. Hirokazu Kore-eda wa Japani alitoa filamu mwaka 2013 kuhusu familia mbili zinazogundua, watoto wakiwa na miaka sita, kwamba walibadilishwa hospitalini. Baba mmoja, mtu wa kazi nyingi, anashika kamera iliyoachwa nyumbani, anapitia picha moja moja, anakuta ni yeye. Mtoto amekuwa akimpiga picha, nyingine akiwa usingizini. Baba alidhani yeye ndiye anayemchunguza mtoto kama ni damu yake au la, kumbe mtoto alikuwa akimtazama yeye muda wote. Nimekukumbukia hapo. Ukizima televisheni, binti hatazami tena skrini, anatazama uso wako.

Na hofu ya kwamba atakukimbia, umeipata wapi? Nakuuliza kwa upole. Mama mkwe ameisema, lakini nadhani na wewe umeiona, kwenye zile tamthilia. Siri inakaa sehemu themanini, kisha damu inapimwa, kisha mtoto anatoka mbio kwenye mvua. Mwandishi wa tamthilia anahitaji siri ilipuke, isipolipuka watu hawatarudi Jumatatu. Nyumbani kwako hakuna anayehitaji mlipuko. Watoto wengi walioasiliwa wanapewa habari zao kijiko kijiko, leo neno, mwezi ujao swali, mwakani swali lile lile kwa akili kubwa zaidi. Haileti filamu nzuri, ndiyo maana hujawahi kuiona.

Wewe ulikuwa jikoni, basi nikusimulie alichokiona binti yako. Saroo Brierley ni mtu halisi. Mwaka 1986, akiwa na miaka mitano, alipotelea kwenye treni huko India akaibukia Calcutta. Mwaka uliofuata akaasiliwa na wazazi wa Hobart, kule Tasmania. Alikua akijua. Akiwa mtu mzima alikaa usiku mwingi mbele ya kompyuta akifuatilia reli kwenye picha za setilaiti, mpaka mwaka 2011 akautambua mji wake, na mwaka 2012 akamkumbatia mama aliyemzaa. Hakuwaacha waliomlea. Mwishoni filamu inaonyesha picha za kweli, si za waigizaji, mama wa Tasmania na mama wa India wameshikana. Kwa hiyo alichokaa nacho kimya binti pale mkekani si mtoto anayekimbia. Ni mtoto mwenye mama wawili.

Hata hivyo sitaki ukurupuke ukaitumia filamu ile kama mjumbe wako. Saroo alipotea, hakuachwa. Alimkumbuka kaka yake na kituo cha treni. Binti yako alikuwa na miezi mitano au pungufu, na alichonacho ni upande mmoja wa khanga. Ukimwambia "na wewe ni kama Saroo" anaweza kuanza kungojea mwisho wa Saroo, na huenda usiwepo. Wapo pia waliotafutana wasionane. Philomena Lee wa Ireland, ambaye Judi Dench alimwigiza mwaka 2013, alichukuliwa mwanawe na watawa, akapelekwa Marekani. Mama alimtafuta, na mtoto naye alirudi kwenye nyumba ile ile ya watawa kuuliza. Waliojua walikaa kimya. Mtoto alifariki mwaka 1995, na mama alikuja kumkuta kaburini. Sikulinganishi na watawa wale hata kidogo. Nataka tu uone ukimya unavyoweza kuwa na deni ambalo anayekaa kimya haoni likikua.

Sasa muda. Kusubiri amalize shule ya msingi kuna sababu zake, mtihani ni mtihani. Ila baada ya ule utakuja wa kidato cha pili, na cha nne, na katikati hapo atavunja ungo, na umri ule wenyewe una maswali yake ya mwili na ya "mimi nimefanana na nani". Kumwambia sasa nako kuna hatari. Anaweza kukasirika, na hasira ikaangukia uongo zaidi kuliko asili yake. Anaweza kuuliza, "Kwa hiyo ulinidanganya?" na ukalazimika kusema ndiyo, niliogopa. Anaweza siku ya kugombana juu ya vyombo akakutupia kwamba wewe si mama yake, ili aone utafanya nini. Anaweza kumwambia rafiki yake, na shule nzima ikajua Ijumaa. Hayo yafikirieni wewe na mume wako kabla, mkiwa wawili, mjue kila mmoja atasema nini na nani atazungumza na mwalimu.

Kutomwambia kabisa ni njia ya tatu, na mama mkwe wako anaiamini. Lakini chukua karatasi, andika majina ya wanaojua. Wewe, mume wako, mama mkwe, wa kwenu Mbeya, wadhamini, afisa ustawi wa jamii, walezi wa kule makaoni. Wamefika wangapi? Kisha jiulize ni yupi kati yao asiyewahi kugombana na mtu msibani. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu sisi ni kweli kwa maana ya karibu kabisa, maana mambo mengi ya ukoo hufumuka siku ya mirathi.

Kuhusu mirathi, hukuniambia kama mlifika mwisho. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kuasili hukamilika kwa amri ya Mahakama Kuu. Malezi ya kambo pekee hayatoshi. Kama mlifika, amri na cheti viko wapi? Kama hamkufika, rudini kwa afisa ustawi wa jamii mapema, na muulizeni pia yeye na mwanasheria namna sheria inavyotaka mtoto ajulishwe na nani. Siku moja binti atashika karatasi zake mwenyewe, na ni vizuri usiwe wewe wa kushtuka.

Mama mkwe usimfanye adui. Yeye naye alipoteza wajukuu watatu, na sidhani kama kuna mtu aliyempa pole. Pengine amewahi kumwona mtoto akiitwa "wa kuokota" mbele ya watu, akaapa mjukuu wake hataitwa hivyo. Mwulize, wakati mzuri, mkichambua mchele au mkifanya chochote cha mikono, anaogopa nini hasa. Mwache amalize. Huenda ukakuta anachokiogopa si ukweli, ni midomo ya watu, na hilo mnaweza kulipanga pamoja naye.

Sasa nirudi kwenye hereni. Umeniuliza ukimnyang'anya hadithi yake utampa nini. Mwanangu, ulishaniandikia. Mvua ilikuwepo kweli, masika ya Aprili. Baba alinunua nepi zisizo zake. Na mtoto wa miezi mitano, kati ya watu wote waliokuwa kwenye chumba kile, akakushika wewe hereni akakataa kuiachia njia nzima. Hiyo sikuiona kwenye filamu yoyote. Unaweza kuamua kuanza nayo, "nataka nikusimulie siku tuliyokuja kukuchukua", ukaacha maswali yaje kwa kasi yake. Au mkaamua mume wako aanze, na zile nepi. Insha yake usiiguse wala usiifute. Aliiandika kwa kukuamini, ni yake, ataamua mwenyewe baadaye aifanye nini.

Atauliza habari za aliyemzaa. Hapo naomba usimchore mtu mbaya, na usimchore malaika, maana humjui. Unachojua ni kwamba alimviringisha mtoto kwenye khanga, na kwamba mtoto alikutwa zahanati, mahali ambapo kunapopambazuka watu wanafika. Mtoto wa madrasa na mtoto wa Shule ya Jumapili wote wanaijua habari ya Musa, alivyowekwa mtoni, dada yake akifuata ukingoni kuona ataokotwa na nani, mpaka akalelewa nyumbani kwa Firauni. Binti yako anaijua pia. Inaweza kumsaidia kuliko Saroo, sijui. Wewe ndiye unayemjua.

Na maneno utakayoyatumia siku hiyo yajaribu kwanza mdomoni, hata ukiwa kwenye cherehani. "Mama aliyekubeba tumboni." Liseme mara kadhaa mpaka lisikukwame kooni. Wenye watoto wa kuasili wanaosoma hapa watakwambia, mara ya kwanza linauma, halafu linazoeleka kama jina la mtu.

Ile khanga ishushe kabatini. Wewe fundi, unajua khanga haiuzwi upande, inauzwa doti, kwa hiyo upande wa pili ulibaki na mtu. Itoe kwenye rambo isivunde, usiifue, ikunje kwenye kitambaa safi. Hukuniambia ni ya rangi gani. Binti atakuuliza.